Pikapu imetoka kilomita 11 kwa lita hadi 7. Ni nozeli, au ni safari fupi na kusimama injini ikiwaka?

#1 Mwenye Kabini Mbili
Wakuu, salaam. Nina pikapu ya milango minne, dizeli ya lita 2.5 yenye turbo, geya za mkono. Kwa miaka mitatu ilikuwa ya safari ndefu, na kila nikijaza tenki napata kilomita 11 kwa lita. Miezi minne iliyopita kazi ilibadilika. Sasa naenda kilomita 4, napakia, narudi 4, halafu mchana narudia hivyo hivyo. Jumla kilomita 16 kwa siku. Wakati wa kupakia na kusubiri huwa siizimi, kwa sababu ya AC. Mafuta sasa ni kilomita 7 kwa lita, na nimeshahesabu tenki tatu mfululizo.

Fundi ameisikiliza akasema nozeli (zile zinazonyunyiza mafuta kwenye silinda) zimechoka, zibadilishwe zote nne. Moshi hautoki, nguvu ipo, asubuhi inawaka kwa mkupuo mmoja. Kabla sijatoa hela yote hiyo nauliza: safari fupi na kusimama peke yake vinaweza kushusha kutoka 11 hadi 7?

#2 Tairi la Akiba
Nafuatilia. Yangu nayo imeanza hivyo hivyo.

#3 Bwana Geji
Mkuu usiguse nozeli. Injini ikiwa baridi, kompyuta inaongeza mafuta mengi kupita kiasi ili iwake vizuri, mpaka sensa ya joto la maji na ile ya oksijeni kwenye ekzosi zianze kusoma sawasawa. Kilomita 4 hazitoshi. Wewe unatembea siku nzima kwenye mchanganyiko mzito, mafuta mengi hewa kidogo, kama mtu aliyevuta choki akasahau kuirudisha. Hapo ndipo mafuta yako yanapokwenda.

#4 Spana 17
Bwana Geji, hayo ni maelezo mazuri sana ya injini ya petroli. Mleta uzi ana dizeli. Dizeli haina choki wala haitafuti mchanganyiko mzito. Hewa inaingia nyingi muda wote, na mafuta yanapimwa kwa kiasi cha nguvu inayohitajika. Ikiwa baridi inakula zaidi kwa sababu nyingine: oili ni nzito, kila kitu kinachozunguka ndani kinasuguana zaidi, na kompyuta inapandisha mzunguko wa silensa, yaani ule wa injini kuunguruma bila kukanyagwa mafuta. Oili ya geya na ya difu (geya za kwenye ekseli) nazo ni nzito. Hizo hazina mtu wa kuzipasha, zinapata joto gari likitembea tu.

Watu wanaisahau hii ya difu. Pikapu ina difu kubwa nyuma, na kama ni ya magurudumu manne ina nyingine mbele. Safari ya kilomita 4 inaisha oili ya difu ikiwa kama ilivyolala.

#5 Bwana Geji
Nakubali marekebisho, nilisoma haraka nikapitwa na neno dizeli. Ila hitimisho langu liko pale pale: safari fupi.

#6 Mzee wa Daftari
Vijana, tupige hesabu kwanza.

Kilomita 16 kwa kiwango chake cha zamani cha 11 ni lita 1.45. Kwa kiwango cha sasa cha 7 ni lita 2.29. Tofauti ni lita 0.84 kwa siku. Swali la uzi huu zima ni hilo tu: hizo lita 0.84 zinaliwa na nani?

Idara ya Nishati ya Marekani huwa inasema gari likisimama injini ikiwaka hutumia kati ya robo na nusu galoni kwa saa, yaani kama lita 1 hadi 2, kulingana na ukubwa wa injini na kama AC inafanya kazi. Dizeli ikiwa silensa hula kidogo kuliko petroli ya ukubwa huo huo. Tumkadirie lita 0.8 kwa saa na AC yake. Akisimama saa moja kwa siku, hesabu imefunga. Nozeli hazina hata nafasi ya kukaa.

Mleta uzi, unasimama muda gani kwa siku?

#7 Mwenye Kabini Mbili
Asante mzee. Kwa kukisia ni saa moja, labda na zaidi kidogo.

#8 Nusu Tenki
Basi uzi umeisha, zima injini ukisubiri.

#9 Spana 17
Haujaisha. Mzee wa Daftari, hesabu yako imefunga vizuri mno, ndiyo maana inanitia wasiwasi. Kama kusimama kumekula lita 0.8 yote, ina maana injini baridi haikula chochote cha ziada, na geya namba moja na mbili za njia fupi hazikula chochote, na kupakia mzigo hakukula chochote. Haiwezekani. Ama lita 0.8 kwa saa ni kubwa kwa injini yake, ama saa moja si saa moja.

Mkuu, chukua saa. Kila ukisimama anza kuhesabu, kila ukiondoka andika. Mtu akisubiri, dakika 10 huziita nusu saa.

#10 Mzee wa Daftari
Spana umenishika, na umenishika kwa haki. Nasubiri dakika.

Mimi nina daftari kwenye droo ya dashibodi tangu nianze kumiliki gari. Tarehe, namba ya odometa, lita nilizojaza. Baadaye niliongeza safu ya nne: dakika za kusimama. Safu hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba "kilomita kwa lita" ni kipimo kisichotenda haki kwa pikapu ya kazi. Ukisimama, lita zinahesabiwa, kilomita hazihesabiwi. Gari lililosimama linapata sifuri kwa lita, na sifuri hiyo inaingia kwenye wastani wako kimya kimya.

#11 Mama Wawili
Mimi nina pikapu ya petroli, lita 2.7. Watoto nawapeleka shule kilomita 3, nawasubiri getini, tunarudi. Skrini ya dashibodi ikiwa imesimama haionyeshi tena lita kwa kilomita 100, inabadilika inaonyesha lita kwa saa. Nikiwasha asubuhi inasoma 2.1, inashuka taratibu, baada ya kama dakika saba inatulia 1.0. Nikiwasha AC inapanda 1.4. Niliangalia namba zile siku nzima moja nikaacha kusubiri injini ikiwaka. Nafungua vioo.

Na jambo jingine si la mafuta, ila naliweka hapa kwa sababu nawajali: yeyote anayepasha injini ndani ya gereji iliyofungwa aache leo. Hewa ya sumu ya ekzosi haina harufu wala rangi, na inaua. Hata mlango ukiwa wazi nusu, toa gari nje.

#12 Bwana Geji
Dada umesema la maana. Na hiyo 2.1 inayoshuka hadi 1.0 ndiyo nilichokuwa nakieleza kwenye #3, kwa petroli.

#13 Kumbi Kumbi
Kuna mtu ameangalia themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto? Ikikwama wazi, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza na injini haifikii joto lake kabisa kwenye safari fupi. Itakula mafuta na hakuna atakayejua, kwa sababu haichemshi. Watu tunaogopa gari linalochemsha, hatuogopi linalobaki baridi.

#14 Mwenye Kabini Mbili
Kumbi Kumbi, kwenye kilomita 4 sindano haifiki katikati, inafika nikiwa nimekaribia kabisa. Jumapili nilikwenda mbali, ikapanda katikati ikakaa pale pale hadi nikarudi.

#15 Spana 17
Kama inakaa katikati safari ndefu, hata ya mteremko, themostati ni nzima. Ukitaka uhakika, kesho asubuhi iwashe ikiwa baridi, shika hozi ya juu ya rejeta. Inatakiwa ibaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ghafla iwe ya moto. Ikianza kupata uvuguvugu mapema, kidogo kidogo, themostati inavujisha. Angalia mkono usikaribie feni.

Na msidanganyike na sindano. Sindano inapima maji. Sindano ikifika katikati, oili bado ina safari. Huchukua muda mrefu zaidi ya maji kupata joto lake. Kwa hiyo kwenye kilomita 4 maji yanafika, oili haifiki.

#16 Nusu Tenki
Kwa hiyo afanye nini, aipashe dakika kumi kabla ya kuondoka?

#17 Spana 17
Hapana, na dizeli ndiyo kabisa. Dizeli ikiwa silensa inazalisha joto kidogo sana, unaweza kukaa nayo robo saa na sindano imesogea kidogo tu. Iwashe, subiri taa ya oili izime na mzunguko utulie, nusu dakika inatosha, ondoka polepole bila kuikamua. Injini inapata joto haraka ikifanya kazi.

#18 Kioo cha Pembeni
Kwenye takwimu za serikali ya Marekani za matumizi ya mafuta, gari la kawaida la petroli mjini kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri linashuka kama asilimia 15 ukilinganisha na nyuzi 25, na kwa safari za kilomita 5 au 6 linaweza kushuka hadi asilimia 24. Kwa hiyo safari fupi si hadithi.

#19 Mzee wa Daftari
Takwimu nzuri, lakini mleta uzi anawasha AC. Hayuko kwenye barafu. Yeye ameshuka asilimia 36, bila baridi ile. Kuna kitu kingine pamoja na injini baridi.

#20 Dipstiki
Niongeze upande ambao haujaguswa. Kama dizeli yako ni ya kisasa, kwenye ekzosi kuna chujio la masizi. Likijaa, kompyuta inaongeza mafuta ili kulichoma, na inahitaji gari litembee muda mrefu kidogo likiwa la moto. Ukizima katikati, kazi inaishia njiani na kesho inaanza tena. Mafuta yanaungua bila kukusogeza hata mita moja.

Mimi niligundua kwa njia mbaya. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikakuta oili imepanda juu ya alama ya mwisho, na sikuwa nimeongeza. Nikanusa kitambaa: dizeli. Ile dizeli iliyokuwa inatumwa kuchoma masizi ilikuwa inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Oili ilikuwa nyepesi kama maji ya kunde. Nilibadilisha siku ile ile, na tangu hapo mara moja kwa wiki naitoa barabara kuu nusu saa nzima.

#21 Mwenye Kabini Mbili
Yangu ni ya zamani, haina chujio hilo. Ila nimefungua kifuniko cha oili baada ya kusoma hapa. Chini yake kuna kitu kama krimu, rangi ya maziwa ya chai. Niwe na wasiwasi?

#22 Spana 17
Ni kidogo au kimejaa? Na maji ya rejeta yanapungua?

#23 Mwenye Kabini Mbili
Kidogo, kimepaka upande mmoja. Maji hayapungui.

#24 Spana 17
Basi ni unyevu. Injini inapopoa inatoa jasho kwa ndani, na safari fupi haziipi joto la kutosha kuukausha, unachanganyika na mvuke wa oili. Safari ndefu moja itaondoa. Maji yangekuwa yanapungua ningekuambia habari ya gasketi ya silinda hedi. Wewe fupisha muda wa kubadilisha oili tu. Vitabu vya magari mengi huweka safari fupi na kusimama sana kwenye kundi la matumizi magumu, pamoja na vumbi na kuvuta tela.

#25 Fundi wa Nozeli
Nimesoma yote nikiwa kimya. Wakuu, msimtupe fundi mwenzetu haraka hivyo. Nozeli inayovujisha kidogo inaweza isitoe moshi unaoonekana. Kwenye safari ndefu huioni, kwa sababu inapiga vizuri ikiwa na mzigo. Inaharibu silensa, na huyu bwana sasa anaishi kwenye silensa. Zipimwe kwenye mashine, arudi na majibu ya kila moja. Kupima si kubadilisha.

#26 Bwana Geji
Hilo sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni kubadilisha zote nne kwa sikio.

#27 Tairi la Akiba
Jamani na mlango wa nyuma wa bodi? Mimi huushusha upepo upite, nasikia unaokoa mafuta.

#28 Kioo cha Pembeni
Usiushushe. Ukiwa umefungwa, hewa inajizungusha ndani ya bodi na upepo wa juu unateleza juu yake. Na kwa kilomita 4 za mwendo mdogo upepo si hoja kabisa.

#29 Nusu Tenki
Na kutembea frii kwenye mteremko? Mimi naokoa sana hapo.

#30 Spana 17
Huokoi. Kwenye injini ya kompyuta, ukishuka ukiwa kwenye geya bila kukanyaga mafuta, nozeli zinafungwa kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inabidi ijilishe ili isizime. Na umepoteza breki ya injini, na pikapu yenye mzigo kwenye mteremko bila geya ni hatari kwako na kwa unaokutana nao. Acha, mkuu.

#31 Nusu Tenki
Miaka yote hii! Naacha.

#32 Mwenye Kabini Mbili
Wakuu, nimerudi na dakika. Siku sita za kazi nimehesabu kwa saa. Wastani wa kusimama ni dakika 40, si saa. Spana alikuwa sahihi.

#33 Mzee wa Daftari
Dakika 40 kwa kadirio letu ni lita 0.53. Ukijumlisha na 1.45 unapata 1.98, yaani kilomita 8.1 kwa lita. Yeye anapata 7. Bado lita 0.3 kwa siku haina mwenyewe.

#34 Bwana Geji
Ana safari fupi nne kwa siku, injini ikiwa imepoa au imepoa nusu. Gawanya 0.3 kwa nne, ni mililita 75 kwa kila safari. Hiyo ni injini baridi na difu baridi. Mwenyewe wake ndiye huyo.

#35 Fundi wa Nozeli
Au nozeli inayovuja.

#36 Kumbi Kumbi
Haya, na mzigo je? Kilo 45 za ziada hupunguza kama asilimia moja kwa gari la kawaida. Zamani alikuwa anatembea na nini, sasa anatembea na nini? Na upepo wa tairi?

#37 Mwenye Kabini Mbili
Zamani karibu tupu, sasa nusu ya safari nina kama kilo 400. Upepo wa tairi sawa. Halafu sikusema mwanzoni: nilipoanza kazi hii niliweka tairi kubwa za matope.

#38 Mzee wa Daftari
Mwanangu! Hilo lilitakiwa liwe kwenye #1.

#39 Kioo cha Pembeni
Hilo linabadilisha mambo mawili kwa pamoja. Tairi za matope ni nzito na zinazunguka kwa ugumu zaidi barabarani, kwa hiyo zinakula. Lakini pia odometa inahesabu mizunguko ya tairi. Tairi ikiwa na mzingo mkubwa kwa asilimia 5, ukitembea kilomita 16.8 odometa inaandika 16. Sehemu ya hasara yako haipo, ni kilomita ambazo hazikuandikwa. Linganisha na ramani ya simu kwenye njia ndefu iliyonyooka.

#40 Mwenye Kabini Mbili
Nimefanya. Ramani ya simu kilomita 40.0, odometa 38.6.

#41 Mzee wa Daftari
Basi ongeza asilimia 3.6. Ile 7 yako ni 7.25. Na 16 zako kwa siku ni 16.6, kwa hiyo hesabu yangu yote ya juu lazima irudiwe. Naifuta na naanza upya, nipeni jioni.

#42 Mwenye Kabini Mbili
Wakati mzee anarudia, niwape tenki la wiki hii. Nimezima injini kila nikisubiri zaidi ya dakika moja. Nimepata 8.3, kwa odometa ile ile.

#43 Bwana Geji
Safi sana! Ndiyo hiyo.

#44 Spana 17
Wiki hii ulikuwa na ile safari ya kilomita 40 kwenda na labda kurudi? Ipo ndani ya tenki hilo?

#45 Mwenye Kabini Mbili
Ipo.

#46 Spana 17
Basi hatujui 8.3 imetoka kwa kuzima au imetoka barabara kuu. Tenki moja halitoshi hata bila hiyo. Pampu ikikata mapema au ukijaza gari likiwa limeinama, unapoteza lita mbili za kipimo. Hesabu tenki tatu, pampu ile ile, safari zile zile.

#47 Tairi la Akiba
Kuwasha na kuzima hakuui stata na turbo?

#48 Spana 17
Wamarekani wa maabara ya Argonne walipima wakaona kusimama zaidi ya sekunde 10 hula mafuta kuliko kuwasha upya. Stata na betri navyo vina gharama yake, ndiyo maana dakika moja ya mleta uzi naiona ya busara. Betri ya safari fupi haijai, ichajiwe mara moja moja. Turbo inahitaji kupumzishwa dakika moja au mbili ikiwa imetoka kukamuliwa, mlima au mwendo mkali na mzigo. Baada ya kilomita 4 za taratibu haina moto wa kupoza.

#49 Mwenye Kabini Mbili
Wakuu, kuna kitu kingine. Leo baada ya kushusha mzigo nilipita nyuma ya gari, nikapeleka kiganja karibu na ringi za nyuma. Ya kulia vuguvugu. Ya kushoto nimeondoa mkono haraka. Sijafunga breki kali njiani.

#50 Kumbi Kumbi
Handibreki. Unaivuta kila ukipakia na kushusha, mara nne, tano kwa siku. Zamani ulikuwa huivuti. Kebo ya kushoto hairudi.

#51 Bwana Geji
Inawezekana, ila isingekula lita 0.3 kwa kilomita 16.

#52 Fundi wa Nozeli
Inakula kuliko unavyodhani, nimeona drum ya breki iliyogeuka buluu kwa joto.

#53 Spana 17
Mkuu, kesho asubuhi ikiwa baridi, weka magogo kwenye tairi za mbele, nyanyua nyuma kwa jeki, iweke juu ya stendi, siyo jeki peke yake. Frii, handibreki chini. Zungusha gurudumu la kushoto kwa mkono, halafu la kulia. Ukisikia linakwaruza au linasimama lenyewe kabla ya lile jingine, usiende popote nalo, fungua drum. Kisha njoo utuambie.

#54 Mwenye Kabini Mbili
Nimeandika. Saa kumi na mbili asubuhi niko chini ya gari.

#55 Mzee wa Daftari
Nimemaliza hesabu mpya, lakini sasa nasubiri gurudumu.